Gesi Safi na Gesi Chafu: Historia ya Plastiki za Hewa Ukaa

Historia ya kutengeneza plastiki kwa hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksaidi itokayo katika moto, pumzi na moshi wa viwanda, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vichocheo: nani aligundua kipi, mwaka gani, na kilifanya kazi kwa kasi gani. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nje nusu ya habari. Nusu iliyoachwa inahusu vitu ambavyo havikukusudiwa kuwemo ndani ya chombo: maji yasiyoonekana kwa macho, chembe za salfa, oksijeni iliyopenya kutoka nje, mabaki ya dawa zilizotumika kunasa gesi yenyewe. Vitu hivyo, ambavyo hapa vitaitwa vichafuzi, ndivyo vilivyoamua mara nyingi gesi ipi itumike, ichukuliwe kutoka kiwanda gani, isafishwe kwa gharama ya nani, na hata plastiki itakayopatikana iwe ngumu au laini.

Kichocheo ni dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Dhana hiyo ilipewa jina na mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, mwaka 1835, na sifa kuu ya kichocheo chema ni kwamba chembe yake moja hurudia kazi ileile mara nyingi sana kabla ya kuchoka. Hapo ndipo pia udhaifu wake ulipo. Ikiwa molekuli moja ya kichocheo inatarajiwa kuunganisha molekuli 10,000 za malighafi, basi malighafi yenye usafi wa asilimia 99.99, ambayo kwa matumizi mengine ingehesabiwa kuwa safi kabisa, inabeba molekuli moja ya uchafu kwa kila molekuli ya kichocheo. Na ikiwa uchafu huo hushikamana na metali ya kichocheo kwa nguvu kuliko malighafi yenyewe, kazi husimama. Wanakemia husema kichocheo kimetiwa sumu. Inafuata kwamba kadiri kichocheo kinavyokuwa hodari, na hivyo kutumika kwa kiasi kidogo zaidi, ndivyo uchafu uleule mdogo unavyozidi kupata nguvu dhidi yake, na hii ni moja ya sababu zilizofanya maendeleo ya vichocheo na maendeleo ya usafishaji yaende bega kwa bega.

Viwanda vya asidi ya salfuriki ndivyo vilivyolijifunza jambo hili mapema na kwa hasara. Peregrine Phillips wa Bristol, Uingereza, alipata hataza mwaka 1831 ya kuunganisha salfa dioksaidi na oksijeni juu ya platinamu, lakini kwa miongo mingi wazo lake halikuzaa kiwanda cha kudumu, kwa kuwa gesi iliyotokana na kuchoma mawe ya pairiti ilidhoofisha platinamu kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa vizuri. Rudolf Knietsch, aliyekuwa mwanakemia wa kampuni ya BASF huko Ludwigshafen, Ujerumani, alionyesha kwamba adui alikuwa aseniki iliyosafiri pamoja na gesi kwa viwango vidogo mno, akabuni utaratibu wa kupoza, kuosha na kuchuja gesi hiyo mpaka isiwe na dalili ya aseniki, na kazi hiyo aliieleza hadharani mwaka 1901. Hata hivyo, katika miaka ya 1910 kampuni hiyohiyo ilianza kuiacha platinamu na kutumia oksaidi ya vanadi, ambayo si hodari kama platinamu lakini ni nafuu na inaistahimili aseniki. Kwa hiyo tasnia ilikuwa imekwisha kupata majibu mawili ya swali la uchafu kabla ya plastiki za kisasa kuzaliwa: ama gesi isafishwe mpaka kichocheo kiridhike, ama kitafutwe kichocheo chenye uvumilivu. Historia ya hewa ukaa imekuwa ikiyumba kati ya majibu hayo mawili, ingawa lipo jibu la tatu, la ajabu zaidi, ambalo lilitoka katika historia ya polithini.

Mwezi Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuta ndani ya chombo chao unga mweupe kama nta baada ya kuiweka gesi ya ethilini katika joto na shinikizo kubwa sana. Jaribio liliporudiwa halikutoa matokeo ya kuaminika. Mara nyingine gesi ililipuka, mara nyingine hakikutokea kitu. Mwezi Desemba 1935, Michael Perrin na wenzake waliirudia kazi hiyo kwa chombo kilichovuja, wakaongeza ethilini kufidia iliyopotea, na polithini ikapatikana kwa wingi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ethilini iliyoongezwa ilikuwa na kiasi kidogo cha oksijeni, na kwamba ni oksijeni hiyo, isiyoalikwa na mtu, iliyoanzisha minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki. Tangu hapo oksijeni ikawa inapimwa na kuingizwa kwa makusudi.

Miaka 20 baada ya Winnington, katika taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe ya Max Planck huko Mülheim, Ujerumani, jambo linalofanana lilitokea upande wa metali. Karl Ziegler na mwanafunzi wake Erhard Holzkamp walitazamia kwamba ethilini na kampaundi ya alumini zingetoa minyororo inayorefuka hatua kwa hatua, lakini walipata buteni, yaani molekuli mbili tu za ethilini zilizoungana na kuishia hapo. Walipotafuta chanzo cha kasoro hiyo waligundua kwamba nikeli kidogo sana ilikuwa imebaki ndani ya chombo cha chuma na kuukata mnyororo mapema. Ziegler hakuridhika na kukisafisha chombo. Aliamua kuzijaribu metali nyingine moja baada ya nyingine ili kuona kila moja ingefanya nini, na katika utafutaji huo zirkoni na titani zilitoa polithini ndefu na imara kwa shinikizo dogo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1963, pamoja na Giulio Natta wa Italia. Jibu la tatu lilikuwa hilo: kumhoji mchafuzi kabla ya kumfukuza, kwa sababu huenda ndiye anayefanya kazi.

Kaboni dioksaidi iliingia katika historia hii mwaka 1969, pale Shohei Inoue wa Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na Hideomi Koinuma na Teiji Tsuruta, walipotangaza kwamba gesi hiyo inaweza kuunganishwa na epoksaidi kuwa polima. Ugumu wa jambo hilo unahitaji kuelezwa. Kaboni dioksaidi ni mwisho wa safari ya kaboni: kuni, makaa au mafuta yakishaungua, nishati imekwisha kutoka, na kinachobaki hakiwaki tena, kama majivu yasivyowaka. Ili iingie katika plastiki, gesi hiyo inahitaji mwenzi mwenye nishati ya kuwatosha wote wawili. Mwenzi huyo ni epoksaidi, molekuli ndogo yenye pete ya atomu tatu, mbili za kaboni na moja ya oksijeni, iliyobanwa kiasi kwamba iko tayari kufunguka ikisaidiwa kidogo. Pete ikifunguka kando ya metali, oksijeni yake huishika metali hiyo. Kaboni dioksaidi hujipenyeza kati ya metali na oksijeni. Epoksaidi nyingine hufika na kufunguliwa. Na zamu zikiendelea kwa mpangilio, hupatikana mnyororo unaoitwa polikaboneti, ambamo vipande vya epoksaidi na vya kaboni dioksaidi hupokezana.

Metali aliyoitumia Inoue ilikuwa zinki, katika umbo la diethilizinki, kimiminika kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Kampaundi hiyo peke yake haikufaa. Ilifaa ilipochanganywa na maji, na matokeo bora yalipatikana pale molekuli za maji zilipokaribia kulingana kwa idadi na molekuli za diethilizinki. Maji yakiwa haba, zinki hubaki na vikundi vya ethili ambavyo haviwezi kuanzisha mnyororo vizuri. Maji yakifika kwa kiasi, huvitoa vikundi hivyo kama gesi ya ethani na kuacha vipande ambamo zinki na oksijeni vimefuatana, navyo ndivyo vinavyofungua epoksaidi. Maji yakizidi, zinki hugeuka haidroksaidi na oksaidi, vitu visivyo na uhai wa kikemia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo plastiki ya kwanza ya aina hii ilizaliwa kwa kutumia, kwa kipimo, kitu kilekile ambacho mwanakemia wa zinki hutumia muda wake mwingi kukizuia kisiingie. Haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba miaka 40 iliyofuata ilikuwa jitihada ya kuelewa kikamilifu maana ya maji yale.

Kichocheo cha Inoue kilifanya kazi polepole mno, na sehemu kubwa ya zinki yake haikushiriki kabisa. Mwaka 1978 yeye na Nobuyuki Takeda walitumia alumini iliyozungukwa na porfirini, aina ya pete kubwa ya kikaboni inayofanana na ile inayobeba chuma katika damu, na hapo kwa mara ya kwanza mnyororo uliweza kukua kwa utaratibu kutoka katika metali moja inayojulikana. Katika miaka ya 1980, Inoue na Takuzo Aida waliona jambo ambalo wengine wangelichukulia kuwa maafa: walipotia alkoholi au hata asidi ya haidrojeni kloraidi, ambazo kwa kawaida huua mnyororo unaokua, mnyororo haukufa bali ulibadilishana nafasi na kitu kilichotiwa, ukapumzika, kisha ukarudi kwenye metali na kuendelea kukua. Waliuita upolimishaji usiokufa. Kutokana na ugunduzi huo, dutu yenye haidrojeni inayotoka kwa urahisi haikuhesabiwa tena kuwa muuaji. Ilikuwa imeanza kuhesabiwa kuwa kianzio cha minyororo mipya, na wingi wake ukawa ndio unaoamua urefu wa kila mnyororo. Wakati huohuo Kazuo Soga na wenzake walionyesha kwamba zinki ikiunganishwa na asidi ya glutariki hutoa unga mgumu ambao ni rahisi zaidi kuutunza, na unga huo ukawa msingi wa uzalishaji mdogo wa kibiashara. Polima iliyopatikana, polipropilini kaboneti, hulainika kwa joto lisilozidi sana lile la mwili wa binadamu, hivyo haikuweza kushindana na plastiki za vyombo. Ilitumika hasa kushikanisha unga wa kauri kabla ya kuchomwa, kwa kuwa ikipashwa moto huondoka yote bila kuacha masizi.

Miaka ya 1990 ilileta kizazi kipya cha vichocheo, na pamoja nacho nidhamu kali ya usafi. Donald Darensbourg wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alitumia zinki iliyoshikwa na fenoksaidi mwaka 1995; Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1998, alitangaza vichocheo vya zinki vilivyofanya kazi kwa kasi isiyopata kuonekana, na baada ya mwaka 2000 akageukia kobalti. Vichocheo hivi vilijulikana umbo lao hadi atomu ya mwisho, na watafiti walitaka malighafi ziwe na umbo linalojulikana vilevile. Epoksaidi ilichanganywa na kalsiamu haidraidi, dutu inayokula maji kwa pupa, kisha ikatoneshwa. Kaboni dioksaidi ilinunuliwa katika mitungi ya daraja la juu na kupitishwa tena katika nguzo za kukausha. Kati ya epoksaidi zilizotumika, propilini oksaidi ya kiwandani huja na maji na masalio ya aldehaidi, na sikloheksini oksaidi huja na dioli, yaani epoksaidi iliyokwisha kufunguliwa na maji; yote hayo yaliondolewa kabla ya kazi kuanza, au ndivyo ilivyodhaniwa.

Shaka ilitoka kwenye vipimo. Kichocheo chenye umbo moja kinapaswa kutoa minyororo ya urefu mmoja, lakini maabara nyingi zilipoipima polima yao ziliona makundi mawili, moja likiwa na minyororo yenye urefu wa karibu mara mbili ya nyingine. Kwa muda maelezo yalitafutwa katika kichocheo chenyewe. Jawabu, ambalo lilikubalika hatua kwa hatua, lilikuwa maji yaliyobaki hata baada ya ukaushaji wote: molekuli ya maji ikikutana na epoksaidi hutoa dioli, na dioli ina ncha mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kuanzisha ukuaji. Mnyororo ulioanzishwa na kichocheo hukua upande mmoja. Ulioanzishwa na dioli hukua pande zote mbili, na kwa muda uleule huwa na urefu maradufu. Ushahidi ulikuwa mzuri kwa sababu ulitoa utabiri: maji yakiongezwa kidogo, kundi la minyororo mirefu lilitakiwa kuongezeka kwa idadi huku urefu wa wote ukipungua, na ndivyo ilivyokuwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya ugunduzi huo juhudi zote zingeelekezwa katika kukausha zaidi. Baadhi ya watafiti walifanya hivyo, kwa sababu plastiki ngumu inahitaji minyororo mirefu, na maji huifupisha. Lakini wengine walitambua kwamba mnyororo mfupi wenye ncha mbili za haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizounganika, ni bidhaa ambayo tayari ilikuwa na soko kubwa. Jina lake ni poliyoli. Ikichanganywa na kampaundi za isosianeti hugeuka poliurethani, na poliurethani ndiyo iliyomo katika magodoro ya povu, viti vya magari, soli za viatu na kuta za majokofu. Kwa poliyoli, ufupi si kasoro, na ncha mbili ni sharti. Maji ambayo Inoue aliyapima ili kuamsha zinki, na ambayo warithi wake waliyakausha kwa taabu, yakawa sasa mojawapo ya vianzio ambavyo mtengenezaji anaweza kuvitia kwa makusudi.

Upande wa viwanda mambo yalikwenda kwa hesabu nyingine. Mwaka 2002, kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani ya Asahi Kasei, kiwanda chenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka kilianza kazi nchini Taiwan kutengeneza polikaboneti ngumu ya kawaida, ile ya lenzi na diski, kwa njia inayotumia kaboni dioksaidi badala ya fosjini, gesi ya sumu kali. Kaboni dioksaidi hiyo haikutoka kwenye bomba la moshi. Ilitoka katika utengenezaji wa ethilini oksaidi, ambako sehemu ya ethilini huungua kupita kiasi juu ya kichocheo cha fedha. Inafaa kutajwa kwamba katika kazi hiyo ya fedha watengenezaji huongeza kampaundi ya klorini, kwa sehemu chache tu katika milioni, ili kuzuia uunguaji huo usizidi. Mchafuzi aliyepewa ajira rasmi yuko hata nyuma ya gesi yenyewe.

Mfano wa Ujerumani unaeleza zaidi. Mwaka 2010 kitengo cha plastiki cha kampuni ya Bayer, ambacho baadaye kilijitenga na kuitwa Covestro, kilianza mradi pamoja na kampuni ya umeme ya RWE na watafiti wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen. Gesi ilichukuliwa kutoka kituo cha umeme cha Niederaussem karibu na Cologne, kinachochoma makaa ya hudhurungi, na ambako mtambo wa majaribio wa kunasa kaboni dioksaidi ulikuwa umejengwa mwaka 2009. Moshi wa makaa ya mawe una kaboni dioksaidi takribani asilimia 12 hadi 15 tu. Sehemu kubwa ni naitrojeni, na zilizobaki ni mvuke wa maji, oksijeni, oksaidi za salfa na oksaidi za naitrojeni. Ili kuinasa kaboni dioksaidi, moshi hupitishwa katika maji yenye amini, kampaundi za naitrojeni zinazoishika gesi hiyo zikiwa baridi na kuiachilia zikipashwa moto, mbinu ambayo R. R. Bottoms aliipatia hataza Marekani mwaka 1930. Gesi inayotoka huko ni safi kwa jicho la mhandisi wa umeme, lakini inaweza kubeba unyevu na chembe za amini, na amini ni besi. Kichocheo cha Covestro kilikuwa cha jamii ya sianidi ya metali mbili, zinki na kobalti. Jamii hiyo inaishi vizuri na alkoholi, ambazo ndizo vianzio vyake, lakini inadhurika na besi kali.

Poliyoli zilitengenezwa kwa gesi ya Niederaussem katika mtambo wa majaribio wa Leverkusen, na povu likapatikana. Hata hivyo, kiwanda cha kweli kilipofunguliwa Dormagen mwezi Juni 2016, kikiwa na uwezo wa tani 5,000 kwa mwaka na poliyoli yenye kaboni dioksaidi hadi asilimia 20 ya uzito wake, gesi yake haikutoka katika makaa. Ilitoka kwa kampuni jirani ya kemikali, ambako kaboni dioksaidi hupatikana kama masalio ya kutengeneza amonia. Usafi wa gesi hiyo una historia yake: katika kiwanda cha amonia, gesi asilia huondolewa salfa kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa sababu salfa hukitia sumu kichocheo cha nikeli kinachotoa haidrojeni na kile cha chuma kinachounganisha haidrojeni na naitrojeni. Kaboni dioksaidi inayotenganishwa baadaye hurithi usafi huo bila mtu kuulipia mara ya pili. Godoro la Dormagen, kwa maneno mengine, liliwezekana kwa sababu kichocheo cha jirani kilikuwa dhaifu mbele ya salfa, na uchaguzi huo wa gesi ulikuwa wa busara. Lakini pia uliliacha bila kujibiwa swali lililokuwa muhimu zaidi kwa umma, yaani kama moshi unaochafua anga unaweza kutumika bila kusafishwa kwanza mpaka faida yote iishe.

Jaribio la wazi la swali hilo lilifanyika Uingereza. Charlotte Williams, aliyekuwa wakati huo katika chuo cha Imperial College London, alikuwa ametangaza mwaka 2009 kichocheo chenye atomu mbili za zinki zilizokaa karibu ndani ya pete moja, kilichoweza kuunganisha sikloheksini oksaidi na kaboni dioksaidi kwa shinikizo la kawaida la angahewa, ambapo vichocheo vingi vya awali vilihitaji vyombo vya chuma kinene. Kichocheo ndugu chenye magnesiamu kilifuata. Katika kituo cha umeme cha Ferrybridge, Yorkshire, mtambo wa majaribio wa kunasa tani 100 za kaboni dioksaidi kwa siku ulikuwa umefunguliwa mwaka 2011. Kundi la Williams lilichukua gesi iliyonaswa hapo na kuitumia ilivyo, bila usafishaji wa ziada, na mwaka 2015 lilichapisha matokeo: vichocheo vyote viwili vilifanya kazi karibu sawa na vilivyofanya kwa gesi safi ya mitungi, na kilichopatikana kilikuwa poliyoli. Watafiti hao hawakuishia hapo. Walitia vichafuzi kwa makusudi, yakiwemo maji, amini na kampaundi za salfa, ili kuona uvumilivu wa vichocheo unaishia wapi.

Sababu ya uvumilivu huo inastahili kutazamwa, kwa kuwa haikuwa bahati. Zinki na magnesiamu katika vichocheo hivi zimekwisha kushikwa na oksijeni na naitrojeni za pete inayozizunguka, na katika hali hiyo hazina haja na oksijeni ya hewa, tofauti na diethilizinki ya Inoue inayowaka ikiiona. Naitrojeni ya moshi haina la kufanya popote. Maji hugeuza epoksaidi kuwa dioli na kuanzisha minyororo ya pande mbili, jambo ambalo kwa poliyoli si hasara, mradi kiasi chake kijulikane, kwani maji yakibadilika kila siku urefu wa mnyororo nao hubadilika kila siku, na mtengenezaji wa povu hawezi kuuza bidhaa isiyotabirika. Kwa mtazamo wa kiwanda, basi, swali la maji si wingi wake bali uthabiti wake. Salfa ni suala gumu zaidi: salfa dioksaidi inafanana na kaboni dioksaidi kiasi cha kuweza kujipenyeza mahali pake kati ya metali na oksijeni, na thioli, ambazo ni alkoholi zenye salfa mahali pa oksijeni, hushikamana na zinki kwa nguvu.

Kituo cha Ferrybridge kilifungwa mwezi Machi 2016, miezi mitatu kabla ya sherehe za Dormagen. Kabla ya hapo hesabu ya faida kwa mazingira ilikuwa imefanywa na Niklas von der Assen na André Bardow wa Aachen, waliochapisha mwaka 2014 tathmini ya poliyoli zenye kaboni dioksaidi ya asilimia 20 na kuonyesha kwamba utoaji wa gesi joto hupungua kwa asilimia 11 hadi 19 ukilinganishwa na poliyoli za kawaida. Sehemu kubwa ya upungufu huo haitokani na gesi iliyofungwa ndani ya godoro bali na epoksaidi iliyookolewa, kwa kuwa epoksaidi ndiyo inayotengenezwa kwa mafuta na kwa nishati nyingi. Faida ya ukubwa huo inaweza kuliwa na usafishaji: kila hatua ya kuosha, kupasha amini na kukandamiza gesi hudai mvuke na umeme, na mvuke na umeme navyo mara nyingi hutoka katika moto.

Kuanzia mwaka 2017, mradi ulioitwa Carbon4PUR, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Covestro, uligeukia moshi wa viwanda vya chuma, ukitazama eneo la Fos-sur-Mer karibu na Marseille, Ufaransa, ambako kiwanda cha chuma na kiwanda cha kemikali vimepakana. Gesi ya tanuri za chuma ina kaboni monoksaidi nyingi pamoja na kaboni dioksaidi, na kuzitenganisha ni ghali. Badala ya kuiona kaboni monoksaidi kuwa uchafu wa kuondolewa, watafiti wa mradi huo walikusudia kuitumia nayo kama malighafi, kwa kuiunganisha na epoksaidi ili kupata pete za laktoni na anhidraidi, ambazo zinaweza kuingia katika mnyororo wa poliyoli kando ya kaboni dioksaidi. Maswali ya zamani yalirudi yakiwa na orodha mpya ya majina, kwa sababu matokeo ya Ferrybridge yalihusu epoksaidi moja, vichocheo viwili na gesi ya kituo kimoja, na moshi wa chuma hauna uchafu uleule wa moshi wa makaa, kama vile moshi wa tanuri za saruji usivyo na uchafu uleule wa moshi wa chuma.